Daraja la Lufira na njia ya madini ya Kipushi

Kwenye ramani ya Haut-Katanga, Kipushi umekaa pembeni kabisa, kilomita 30 hivi kusini-magharibi mwa Lubumbashi, mgongo wake ukiegemea Zambia. Mpaka wa hapo haukufuata mto. Ulifuata mgawanyiko wa maji. Mvua ya upande wa Kongo huingia Kafubu, kisha Luapula, ikazunguka kote hadi mto Kongo na Bahari ya Atlantiki. Ya upande wa pili hushuka Kafue, ikaingia Zambezi na kuishia Bahari ya Hindi. Mahali pa namna hiyo mito bado ni michanga, mtu huivuka kwa gogo moja. Mwenye hamu ya kuona daraja kongwe la mawe lenye matao mazito afadhali akatafute kwingine.

Lakini ni miji michache ya Katanga ambayo riziki yake imetegemea madaraja kuliko Kipushi. Madini yake hayakuwahi kuliwa hapo. Ili yawe fedha, ilibidi yavuke maji ya watu wengine: Zambezi, Kafue, Lualaba, na zaidi ya yote Lufira, mto unaokata njia kati ya Lubumbashi na Likasi. Historia ya daraja la Kipushi, kwa hiyo, lazima isimuliwe kwenye mito isiyo ya Kipushi.

Lufira huanzia kusini, kwenye nyanda za mpakani, ikaelekea kaskazini hadi kuungana na Lualaba. Kabla ya reli ilivukwa kwa mtumbwi. Wachimbaji wa nchi hiyo waliyeyusha shaba tangu karne nyingi na kuimimina katika umbo la msalaba. Misalaba hiyo ilisafiri mbali kama fedha na kama mahari. Katikati ya karne ya 19 akaja Msiri, mtu wa Unyamwezi, mwana wa mfanyabiashara wa shaba, akajenga dola ya Wayeke na mji mkuu wake Bunkeya, magharibi ya Lufira. Akashika shaba, chumvi, pembe na watumwa. Misafara ilimjia kutoka pwani zote mbili, na ile ya mashariki ilikuja na Kiswahili.

Desemba 1891 ulifika msafara wa aina nyingine. Kapteni William Stairs, Mkanada aliyetumwa kwa maslahi ya Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji, aliondoka Zanzibar na wapagazi wa pwani, akapita Tabora, akavuka ziwa Tanganyika na Luapula, hadi Bunkeya. Tarehe 20 mwezi huo Msiri alipigwa risasi na ofisa wa msafara huo, Kapteni Bodson, ambaye naye aliuawa katika tukio hilo hilo. Tangu siku hiyo shaba ya Katanga ilikuwa na mwenyewe mpya, ila mwenyewe huyo hakuwa na njia ya kuitoa. Mpagazi hubeba ratili sitini. Hakuna anayefungua mgodi wa kisasa kwa vichwa vya watu.

Njia ilitoka kusini, na ilianza na daraja. Reli ya kina Cecil Rhodes ilifika Maporomoko ya Victoria mwaka 1904 ikakuta korongo. Mhandisi George Andrew Hobson alichora upinde mmoja wa chuma wenye upana wa mita 156.5, ukining'inia mita 128 juu ya maji. Kwa nini chuma, si mawe? Upinde wa mawe ni kitu kizuri, na ukishakaa hauhitaji chochote ila uzito wake wenyewe kuubana. Tatizo ni kabla haujakaa. Mpaka jiwe la mwisho la juu liwekwe, matao yote yanahitaji kushikiliwa na jukwaa la mbao kutoka chini, na chini ya korongo la Zambezi hapana pa kusimamisha jukwaa. Chuma hujishikilia chenyewe. Vipande vyake vikiunganishwa kwa pembetatu, kimoja kikibanwa na kingine kikivutwa, unaweza kuanzia ukingo huu na ukingo ule, ukasonga hewani kipande kwa kipande hadi pande mbili zikutane.

Kampuni ya Cleveland Bridge ya Darlington, Uingereza, ilitengeneza vipande vyote, ikavipakia melini hadi Beira na kuvileta kwa treni. Msimamizi wa ujenzi alikuwa Mfaransa, Georges Imbault. Alivuta waya mnene juu ya korongo, na kwenye waya huo walipita mafundi, mataruma, reli, hata garimoshi zima lililofunguliwa vipande, ili kazi ya ng'ambo iendelee bila kusubiri daraja. Mwisho wa Machi 1905 ncha mbili za upinde zilikutana, zikakataa kuingiana: joto la mchana lilikuwa limeurefusha upinde kwa kadiri ya upana wa vidole viwili. Waliacha. Alfajiri ya tarehe 1 Aprili, baada ya baridi ya usiku, vyuma vilikuwa vimefupika na vikaingia mahali pake. Profesa George Darwin, mwana wa yule Darwin wa nadharia ya mageuzi, alilifungua rasmi Septemba 12 mwaka huo.

Daraja la Kafue lilifuata mwaka 1906 na halina hadithi ya kuvutia kama hiyo. Ni vipande 13 vya chuma juu ya nguzo, mita 427, sura ile ile ikirudiwa toka mwanzo hadi mwisho kama tasbihi. Binafsi naliona la maana zaidi kuliko lile la Zambezi, kwa sababu ndilo mfano ulioigwa. Wakoloni walikuwa wamegundua kwamba daraja linaweza kuagizwa kama mtu anavyoagiza cherehani: hesabu mapana ya mto, tuma barua, subiri meli. Fundi mwashi hahitajiki ila kwa nguzo na vitako vya kingo. Ndiyo maana mito mikubwa ya nchi ya shaba ilivukwa kwa chuma. Reli ilikuja huko miaka ile ambayo jiwe lilikuwa limekwisha kushindwa kwa bei na kwa muda.

Reli ikagusa Sakania, upande wa Kongo, Desemba 1909. Mwisho wa Septemba 1910 garimoshi la kwanza liliingia Elisabethville, mji uliokuwa umeanza kupimwa viwanja mwaka huo huo; leo ndio Lubumbashi. Union Minière du Haut-Katanga, kampuni iliyoundwa mwaka 1906, ilianza kuyeyusha shaba hapo mwaka 1911. Lakini utajiri mkubwa ulikuwa magharibi zaidi, Kambove na Likasi, na kufika huko lazima Lufira ivukwe. Reli ilifika Kambove mwaka 1913, ikimaanisha kwamba kati ya 1910 na 1913 Lufira ilipata daraja lake la kwanza la reli. Mwaka 1918 njia ikafika Bukama kwenye Lualaba, mahali meli za mtoni zilipoweza kuipokea. Barabara nayo ilikuja kupata daraja lake juu ya Lufira, na yote mawili yakahudumia njia moja.

Nani alichimba misingi hiyo? Majina ya wahandisi yamehifadhiwa, ya vibarua hayakuhifadhiwa. Tunachojua ni utaratibu wenyewe: mwaka 1910 iliundwa Bourse du Travail du Katanga, ofisi ya kukusanya nguvukazi, iliyopeleka watu vijijini kuleta vijana kwa mikataba ambayo wengi wao hawakuweza kuisoma. Wengine walitoka Rhodesia ya Kaskazini, baadaye Kasai, Maniema, Rwanda na Burundi. Kambini walihitaji lugha moja, na Kiswahili kilichoachwa na misafara kikapata wasemaji wapya ambao hawakuwahi kuiona bahari.

Kipushi wenyewe uliingia katika hesabu hii mwaka 1924, mgodi ulipoanza kazi kwa jina la Prince Léopold. Tofauti na mashimo ya wazi ya magharibi, huu ulikuja kuwa mgodi wa kuteremka. Madini yake yalikuwa na shaba, zinki nyingi, na jerimani, metali adimu ambayo leo inatafutwa kwa nyaya za mwanga na miwani ya kuonea gizani. Shaba ya Kipushi ilikuwa na tanuri karibu, Lubumbashi. Zinki ndiyo iliyosafiri. Ilichujwa Kipushi, ikapakiwa mabehewani na kupelekwa Jadotville, yaani Likasi, kuchomwa ili salfa itoke na kugeuzwa asidi. Kisha, tangu miaka ya 1950, ikaendelea hadi kiwanda cha Kolwezi kuwa zinki safi. Kila behewa la zinki hiyo lilipita juu ya Lufira. Mchimbaji wa Kipushi aliyekuwa mita mamia kadhaa chini ya ardhi alikuwa akilisha daraja ambalo huenda hakuwahi kulitia machoni.

Mto huo huo ulitoa pia umeme. Chini zaidi, kwenye maporomoko ya Mwadingusha, Union Minière ilijenga bwawa na kituo kilichoanza kazi mwaka 1930, na maji yakaenea tambarareni hadi kuzaa ziwa Tshangalele. Usipoelewa jinsi kila kitu cha Katanga kilivyoning'inia kwenye mto huu, huwezi kuelewa kwa nini wanajeshi waliugombania miaka thelathini baadaye.

Kongo ilipata uhuru Juni 30, 1960. Julai 11 Moïse Tshombe alitangaza Katanga imejitenga, akisaidiwa na Wabelgiji na fedha za Union Minière. Umoja wa Mataifa ulileta majeshi. Asubuhi ya Septemba 13, 1961, askari wa Umoja huo walishika ofisi za Elisabethville, na mwakilishi wao Conor Cruise O'Brien akatangaza kwamba kujitenga kumekwisha. Wahenga walionya usimtukane mamba kabla hujavuka mto, na safari hii mto ulikuwa mto kweli.

Ng'ambo ya Lufira, Jadotville, kulikuwa na kombania moja ya Waayalandi wa jeshi la Umoja wa Mataifa, watu 150 na ushei chini ya Kamanda Pat Quinlan. Walipelekwa kulinda walowezi ambao, ilivyodhihirika, hawakutaka kulindwa. Asubuhi ile ile ya tarehe 13, wengine wakiwa kwenye misa, walishambuliwa na majandarmu wa Katanga na mamluki wa Kizungu waliowazidi mara nyingi kwa idadi. Quinlan alikuwa amewaamuru wachimbe mahandaki mapema, na mahandaki hayo ndiyo yaliyowaokoa. Walihitaji msaada kutoka Elisabethville, na njia ilikuwa moja tu.

Msafara wa Kamanda Johnny Kane ulikwenda kuwatoa. Ulipofika Lufira ulikuta daraja limezibwa na bunduki zikiwasubiri ukingo wa pili. Jiweke mahali pa dereva wa gari la deraya la Waayalandi, gari lililoundwa nyumbani kwao na kubuniwa kwa barabara za kwao. Daraja ni jembamba. Gari la kwanza likipigwa katikati, la pili haliwezi kulipita, wala la mwisho haliwezi kugeuka. Mto wenyewe si mpana wa kutisha, lakini upana si kitu. Daraja huwalazimisha watu elfu moja wapite mmoja mmoja. Msafara haukuweza kupiga hatua. Katanga ilikuwa na ndege moja tu ya kivita iliyokuwa ikiruka, Fouga Magister, nayo iliwashambulia kutoka juu, kwa sababu Umoja wa Mataifa haukuwa na hata moja. Siku chache baadaye msafara wa pili, ukiwa na Wagurkha wa jeshi la India, ulijaribu tena. Nao ulirudishwa, na Wagurkha kadhaa wakafa.

Helikopta pekee ndiyo iliyoweza kuruka mto, ikatua Jadotville na maji ya kunywa yaliyotiwa katika madebe yaliyokuwa na petroli. Hayakunyweka. Septemba 17 kombania ile, risasi zikiwa zimeisha na koo zimekauka, ilisalimu amri. Hakuna hata mmoja wao aliyeuawa. Usiku uleule ndege ya Katibu Mkuu Dag Hammarskjöld, aliyekuwa akienda kuonana na Tshombe, ilianguka karibu na Ndola, akafariki. Askari wa Quinlan waliporudi nyumbani baada ya kifungo walinyamaziwa kama watu walioleta aibu. Taifa lao lilianza kuwaenzi kwa medali mwaka 2017, wengi wakiwa wamekwisha kufa. Filamu ya 2016 juu yao ilipigwa Afrika Kusini, na Lufira haimo ndani yake ila kwa jina na kwa mfano.

Desemba mwaka huo wa 1961 vita vilirudi, safari hii mjini Elisabethville kwenyewe, na jambo la ajabu ni kwamba pigano lililokumbukwa zaidi na Waayalandi lilihusu daraja pia, ingawa wao waliliita "Tunnel", yaani njia ya chini kwa chini: kivuko cha reli juu ya barabara, walichokitwaa Desemba 16 ili kufungua njia. Makubaliano yakafuata, na kuvunjwa, na kufuatwa na mengine. Mwaka mzima ukapita.

Kisha mkesha wa Krismasi ya 1962 majandarmu walianza kufyatua risasi kwenye vituo vya Umoja wa Mataifa. Desemba 28 operesheni iliyoitwa Grandslam ikaanza, na safari hii Umoja wa Mataifa ulikuwa na ndege za kivita za Uswidi, zilizokwenda kuliteketeza jeshi la anga la Katanga pale Kolwezi. Siku mbili baadaye Waayalandi walishuka Kipushi, na mji ukashikwa bila vita vya maana. Tendo hilo dogo lilikuwa na uzito wake: Kipushi ulikuwa mlango wa Rhodesia, na kuufunga kulimaanisha Tshombe hapati tena watu wala silaha upande huo. Waliobaki na silaha wakarudi nyuma ya Lufira, wakiamini mto ungewalinda kama ulivyowalinda wenzao mwaka uliotangulia.

Walijifunza pia, lakini nusu ya somo. Hawakuishia kuliziba daraja, walililipua. La barabara lilivunjika. La reli liliharibika lakini halikuanguka lote, na hapo ndipo tabia ya chuma ilipowageuka. Upinde wa mawe ukitobolewa katikati huporomoka mzima, kwa kuwa kila jiwe limeshikwa na jirani yake. Chuma kilichoungwa kwa ribiti hupinda, hulalia upande, hukataa kuachana. Brigedi ya 99 ya India chini ya Reginald Noronha ilipofika ukingoni siku za kwanza za Januari 1963, iliona kwamba mtu wa miguu anaweza bado kupita juu ya mabaki ya reli. Askari wa Rajputana Rifles walivuka, wakawafukuza waliokuwa ng'ambo. Magari yakatafutiwa kivuko kingine na mashua za kuunganisha. Januari 3 waliingia Jadotville.

Huko New York habari hiyo iliwafikia vibaya. Serikali za Magharibi ziliogopa kwamba Wakatanga wakisukumwa wangelipua viwanda, na zilikuwa zimehakikishiwa kwamba jeshi lingesimama Lufira kwanza. Amri ya kusimama ilichelewa njiani. Katibu Mkuu U Thant alimtuma Ralph Bunche aende Kongo kuuliza ilikuwaje. Aliyewahi kufanya kazi katika ofisi yoyote kubwa anaweza kukisia majibu aliyopewa. Mimi nadhani Noronha alifanya lililo sahihi: jeshi lililokwisha kushika daraja bovu lingekuwa na wazimu kulirudisha kwa adui alitengeneze.

Tshombe alikuwa Kolwezi, akitishia kulipua bwawa la Nzilo kwenye Lualaba. Hakulipua. Januari 14 alikubali kujitenga kuishe, na Januari 21 askari wa Umoja wa Mataifa waliingia Kolwezi. Madaraja ya Lufira yalirudishwa, kwa sababu bila hayo mabehewa hayakuwa na pa kupita. Mbali kaskazini, daraja la reli la Lubilash, lililokuwa limevunjwa katika miaka hiyo hiyo ya kujitenga, lilikuwa limeukata mkoa na njia ya kwenda Ilebo na bahari kwa upande wa Kongo yenyewe, hadi madai ya kulitengeneza yakawa sehemu ya mazungumzo ya amani.

Desturi ya kuua uchumi kwa kuvunja daraja haikuishia hapo. Baada ya 1975, vita vya Angola vilipofunga reli ya Benguela iliyoelekea Atlantiki, shaba ya Kongo ilirudi kutegemea kusini. Oktoba 1979 makomando wa Rhodesia walilipua, nchini Zambia, daraja la Chambeshi kwenye TAZARA, reli ya kwenda Dar es Salaam, na bandari hiyo ikakauka ghafla. Ramani ya reli za ukanda huu ni ramani ya mahali ambapo adui anajua pa kupiga.

Kipushi uliporomoka kwa namna nyingine. Union Minière ilitaifishwa mwaka 1967, na baadaye ikawa Gécamines. Mwaka 1993 mgodi ulifungwa, watu wakabaki na nyumba za kampuni bila mshahara wa kampuni. Pampu ziliachwa zikifanya kazi, maana mji wa kilele ambao hauna mto juu una mto chini: maji ya mvua huchuja kwenye miamba na kujaza mashimo. Mwaka 2011, mwaka kampuni ya Kanada Ivanhoe ilipoingia ubia na Gécamines, pampu kuu iliharibika na maji yakapanda. Yalifika mita 851 chini ya uso wa ardhi kabla hayajazuiwa. Kuyanyonya kulichukua miaka. Juni 2024 kiwanda kipya kilitoa zinki yake ya kwanza, zaidi ya miaka 30 tangu mgodi kufungwa.

Zinki hii ya leo haipiti tena Lufira kwenda Likasi kuchomwa. Huvuka mpaka kwa malori, moja kwa moja, ikatafuta bandari za kusini na mashariki. Juu ya Lufira sasa hupita msafara mrefu wa malori ya shaba na kobalti kutoka Kolwezi na Likasi, usiku na mchana, na madereva hulipa ushuru wa barabara. Reli ya pembeni yake ina treni chache mno ukilinganisha na zile za zamani.

Fedha za kujenga daraja la lori zinapatikana. Za daraja la mchimbaji wa mkono hazipatikani. Novemba 2025, kwenye mgodi wa Kalando, mkoani Lualaba, wachimbaji wadogo walikuwa wamejitengenezea kivuko juu ya mfereji uliojaa maji. Shirika la serikali linalohusika na wachimbaji hao lilisema watu walitaharuki baada ya milio ya risasi ya wanajeshi waliolinda eneo, wakakimbilia kivukoni wote pamoja. Kivuko kilikatika. Waliokufa hawakupungua 32.